Glasi ya Kwanza

Katika yadi ile ya boti za starehe, fundi akimaliza kazi alikuwa anafanya mambo mawili: anafuta mikono, kisha anatafuta mtu wa kumsifu. Mama Glasi alikuwa na la tatu. Hakukabidhi boti mpaka amefungua koki ya jikoni mbele ya mwenye mali, akakinga maji kwa glasi yake mwenyewe, akayanywa yote bila kukunja uso, kisha akaigeuza glasi juu chini ili kila aliyepo aone. Isipodondoka kitu, ndipo anasema, "Haya, boti ni yako."

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hata mumewe, fundi cherehani anayeshonea nyumbani mito na mapazia ya boti, alimwita Mama Glasi, ingawa wana watoto watatu na hakuna hata mmoja anayeitwa Glasi.

Glasi yenyewe huwezi kuiweka mbele ya mgeni. Ni ya kioo kinene, imemeguka ukingoni upande mmoja, na ni yeye peke yake anayejua pa kuweka mdomo. Inakaa kwenye sanduku la spana, ndani ya soksi nene ya mumewe. Soksi ya pili mume bado anaitafuta.

Mambo hayo yalianza zamani, alipoingia yadini kama msafishaji. Alikuwa anasugua vyoo na majiko ya boti, na mtu anayesugua huona mengi, maana hakuna anayemwonea haya. Aliona kwamba mafundi wa maji walikuja kazini kila mmoja na chupa yake ya maji kutoka nyumbani. Siku moja akawauliza mbona hawanywi maji ya bomba wanalolitengeneza wenyewe. Wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana majini. Wakamwambia hayo ni ya kunawia, dada, ya kunywa watu wanajua pa kuyapata.

"Na wenye boti wanajua?" akauliza.

Kicheko kikakatika hapo hapo. Tangu siku hiyo akawa anaokota pampu mbovu kwenye jalala la yadi, anakwenda kuzifungua mezani nyumbani, mpaka mumewe akazoea kukuta skrubu kwenye wali. Miaka mitatu baadaye alikuwa na chumba chake cha zana pale pale yadini, chenye dirisha moja na kufuli moja, na wale waliomcheka walikuwa wanakuja kumwazima vibano.

Sasa, boti iliyoleta maneno ilikuwa ya daktari wa meno. Ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, jiko la kugeukia mtu mmoja, choo ambacho ukikaa magoti yanabisha mlango, na tangi la maji la chuma kisichoshika kutu, limefichwa chini ya kitanda cha mbele. Daktari alitaka kumtembeza mama yake majini siku nne. Mama huyo alikuwa ametimiza miaka themanini na alitoa masharti mawili tu: dirisha lake libaki wazi, na akiamka akute chai. Basi daktari akamwambia Mama Glasi aubadilishe mfumo mzima wa maji, kwa sababu hakutaka kumpandisha mama yake na katoni za chupa kama watu wanaohama nyumba.

Kazi ilichukua siku tisa. Mipira ya zamani ya kupitishia maji aliipasua kwa kisu, na ndani mlikuwa na utelezi wa kijani kama ulimi wa mgonjwa. Akaitupa yote. Akapitisha mipya, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, ya buluu kwa baridi na nyekundu kwa moto, na kila kiungo akakifunga kwa vibano viwili, maana boti haiachi kutikisika na kibano kimoja hupitiwa na usingizi. Pampu iliyokuwa ikikohoa kila mtu akisuuza kijiko aliing'oa. Akafunga nyingine, na pembeni yake kitungi chenye mpira ndani, kinachotunza msukumo ili pampu isishtuliwe na kila kikombe. Chini ya sinki akaweka kichujio cha mkaa kwa koki ya kunywa peke yake. Tangi alilitoboa mlango juu, akaingiza mkono mpaka begani, akalisugua. Akalijaza maji yenye klorini, akayaacha yalale humo, akayamwaga, akasuuza mara tatu. Mwisho kabisa akapanda sitahani na brashi ndogo, akazungusha duara la rangi ya buluu kwenye kifuniko cha kujazia maji.

Duara hilo halikuwa pambo. Juu ya sitaha kulikuwa na vifuniko viwili, hatua moja kutoka kimoja hadi kingine, ukubwa mmoja, chuma kimoja. Kimoja cha maji, kimoja cha dizeli. Herufi zilikuwa zimechongwa juu yake, lakini nani husoma kifuniko akiwa na haraka?

Na haraka, pale yadini, ilikuwa na mwenyewe. Msimamizi wa yadi walimbandika jina la Kesho Asubuhi, kwa sababu kila kazi aliitaka kesho asubuhi, hata ile aliyokumbuka kuiagiza leo jioni. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa mtu wa kung'arisha. Alhamisi ile alitaka kupiga picha za matangazo, akaona sitaha ya daktari imefifia, akaamuru ipakwe rangi nyeupe yote. Mafundi rangi wakapaka yote kweli, na vifuniko vikiwemo. Duara la buluu likazikwa, herufi zikajaa rangi zikawa laini kama sabuni.

Mchana wake boti ikasogezwa kwenye pampu ya dizeli. Pampu hiyo ilishikwa na mdogo wake Mama Glasi, mtu mzima mwenye mke na masharubu, ambaye watu walimwita Lita. Lita alikuwa na sifa moja: haangalii kipimo, anasikiliza. Siku hiyo akafungua kifuniko kimoja kati ya viwili, akamimina.

Ijumaa asubuhi Mama Glasi alipanda kufanya ukaguzi wa mwisho. Akafungua koki, maji yakatoka na harufu ya limau. Akasimama pale pale. Tangu aanze kazi hajawahi kutia limau kwenye tangi la mtu. Akayaacha yatiririke, yakaleta na povu. Akainamisha pua. Chini ya limau kulikuwa na kitu kingine, kinajificha kama mtoto nyuma ya pazia, miguu nje. Akachukua mfuniko mweusi wa sufuria, akaudondoshea matone machache, akausogeza kwenye mwanga. Rangi zikatandaa juu ya maji, zile zile unazoziona kwenye dimbwi la gereji.

Akapanda juu. Vifuniko viwili vikamtazama, vyeupe pee, mapacha.

Lita alipomwona dada yake anakuja akaanza kukunja mpira ambao ulikuwa umeshakunjwa. Hakusubiri kuulizwa.

"Dada, niliisikia," akasema. "Tangi la dizeli ukilijaza linanguruma. Lile likawa linacheka."

Alikuwa amemimina kama lita thelathini kabla kicheko hicho hakijamfikia. Akafunga pampu, akakimbia mpaka ofisini kwa msimamizi, akasema kila kitu. Dakika tano hazikupita. Na msimamizi akamwambia afumbe mdomo. Wakaletwa watu wawili, wakainyonya dizeli, wakaosha tangi kwa sabuni ya vyombo na limau, wakajaza maji na kuzungusha pampu ili harufu ikimbie. Ndivyo walivyofikiri, kwamba harufu ina miguu.

Mama Glasi akaenda ofisini na mfuniko wake wa sufuria mkononi. Kesho Asubuhi alimkaribisha kiti, akampa pole ya kazi, akasifu ile mipira ya buluu na nyekundu. Alijua kuuma na kupuliza, na siku hiyo alianza na kupuliza. Mama Glasi akamweleza polepole, kama anavyomweleza mteja. Tangi ni chuma, litaosheka. Lakini mipira imekunywa dizeli, na mpira wa ndani ya pampu umekunywa, na wa kwenye kitungi, na mkaa wa kichujio ndiyo umelewa kabisa. Vitu hivyo vitakuwa vinaitema kidogo kidogo mwaka mzima, kila koki ikifunguliwa. Inabidi vitoke vyote, vingine viingie. Apewe siku nne.

Msimamizi akasema daktari anakuja kesho asubuhi.

Akasema zaidi. Akasema daktari ni mtu wa watu, ana marafiki wenye boti, na yadi ikisikika imetia dizeli kwenye maji ya kunywa, nani ataleta boti tena? Akasema yeye mwenyewe angeweza kumkabidhi daktari hati, lakini daktari ameshasema hataki hati, anataka kuiona ile glasi. Mji mzima unaijua ile glasi. Halafu akainama juu ya meza.

"Sikuombi unywe ndoo. Glasi moja. Ukishashuka kwenye boti, tema."

"Na yule mama wa miaka themanini, yeye atatemea wapi?"

Hapo kupuliza kukaisha. Akamkumbusha kwamba ufunguo wa kile chumba cha zana ni wa yadi. Na pampu ya dizeli ni ya yadi. Na aliyeishika Alhamisi ni nani wake? Hakupandisha sauti. Alikuwa ananyoosha karatasi mezani wakati anasema hivyo, zikae sawa.

Alasiri hiyo Mama Glasi alikuwa sebuleni kwake, mbele ya beseni, anasugua mikono kwa mchanga na sabuni ingawa ilikuwa imeshatakata. Mumewe alikuwa kwenye cherehani, anamalizia mito ya boti ile ile, pini zimejaa mdomoni. Lita akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Alikuwa ameitwa na msimamizi baada ya dada yake kutoka, na alikuwa amefikishiwa ujumbe wake. Alizunguka kwanza, akaulizia watoto, akasifu kitambaa cha mito. Mwishowe akalitoa.

"Dada, kunywa tu. Mara hii moja. Mimi nikimwaga unga, nyumbani kwangu tunakula nini?"

Mama Glasi akaacha kusugua mikono. Mdogo wake huyu yeye mwenyewe alimbeba mgongoni siku mama yao alipokuwa sokoni, akamfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua kumwomba kitu kama Lita. Akakausha mikono kidole kwa kidole.

"Ulipoharibu ulikimbia kusema," akamwambia. "Dakika tano. Wapo watu wana vyeo na hawajawahi kuwa na dakika tano kama zile. Sasa unataka nikusaidie kuzifuta?"

Lita akatazama sakafu. Mume akasimamisha cherehani. Akatoa pini moja mdomoni, akaichoma kwenye mto, akatoa ya pili, ya tatu, mpaka zikaisha zote, na wote wawili wakawa wanamngoja.

"Ukiinywa hiyo kesho," akamuuliza mkewe, "mimi nitakuita nani?"

Kisha akaendelea kushona.

Jumamosi jua lilikuwa kali na sitaha nyeupe ilikuwa inaumiza macho. Daktari alifika na mama yake, mwembamba, kanga imekazwa, mkoba mkubwa kwapani. Mama Glasi akampa mkono kumsaidia kuvuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye glasi?"

Kesho Asubuhi akacheka kwa sauti kwa niaba ya wote, akasema ndiye hasa, na leo mama ataona kwa macho yake. Mito mipya ilikuwa imepangwa. Wakashuka jikoni, wakabanana. Lita alikuwa amesimama juu gatini, kichwa kimeinamia dirisha la jiko, akijifanya anaangalia kamba.

Mama Glasi akafungua sanduku, akatoa soksi, akatoa glasi. Akafungua koki. Akakinga mpaka ukingoni, akafunga. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na watu wakanyamaza kama wanavyonyamaza siku zote katika hatua hiyo. Kisha akaiweka mezani, polepole, ikiwa imejaa vile vile.

"Daktari, hii siinywi."

Msimamizi akawahi kusema fundi ana mafua tangu jana. Mama Glasi akasema hana mafua, na kwamba pua yake haijawahi kufanya kazi vizuri kama wiki hii. Akaeleza yote kwa mpangilio, kama anasoma orodha ya vifaa: vifuniko, rangi nyeupe, dizeli, sabuni, limau. Aliyemimina hakumtaja. Alipofika hapo alisema tu "mtu wa pampu."

"Ni mimi," sauti ikatoka dirishani. Lita alikuwa ameshapiga magoti gatini, uso umejaa kwenye fremu. "Niliyemimina ni mimi, daktari. Na nilimwambia bosi siku ile ile."

Basi Kesho Asubuhi akasema maneno yaliyokuwa yamebaki. Mama Glasi akusanye vyombo vyake, chumba kifungwe, asionekane tena ndani ya lango. Na huyo wa dirishani naye hana kazi kuanzia sasa. Alisema haraka, tai imemkaba, na jasho lilikuwa limeanza kumchora mgongoni.

Mama Glasi akaingiza spana zake moja moja, kubwa chini, ndogo juu. Akakunja ile soksi tupu, akaiweka, akafunga sanduku. Glasi hakuigusa.

"Bosi anasema boti imekwisha," akamwambia daktari. "Sawa. Glasi naiacha hapo. Atakayekukabidhi, ainywe kwanza."

Akapanda ngazi, sanduku begani. Nyuma yake jikoni hakuna aliyesogea. Glasi ilikuwa katikati ya meza, imejaa, na boti ilipotikisika kidogo kwa uzito wa mtu anayeshuka, maji yake yakatikisika nayo, na ukiyatazama kwa upande ulikuwa unaona zile rangi. Yule mama akachovya ncha ya kidole, akakinusa.

"Mwanangu," akamwambia daktari, "meno umeshaniambia hayapo. Lakini pua ninayo." Kisha akamgeukia msimamizi, kwa upole kabisa. "Haya baba, tunakungoja wewe."

Kesho Asubuhi akatazama saa, akakumbuka kwamba ana kikao.

Ningependa kukuambia kwamba yadi ilifungwa na msimamizi akaomba radhi hadharani. Wapi. Yupo mpaka leo, na sitaha bado zinapakwa nyeupe. Lita alimwaga unga kweli, na Mama Glasi akatoa vitu vyake kwenye kile chumba chenye dirisha moja, akavipakia kwenye mkokoteni, watu wakimwangalia na wengine wakijifanya hawamwoni. Lakini Jumatatu daktari aliivuta boti yake kutoka yadini, akaifunga kwenye gati la umma, pale wanapofunga watu wasio na yadi, akatuma mtu amtafute mwenye mkokoteni.

Kazi wakaifanya wawili, dada na mdogo wake, siku tano juani. Mipira ikatoka yote, pampu ikatoka, kitungi kikatoka, kichujio kikatoka. Tangi likasuguliwa mpaka Lita akasema sasa anajiona uso, na dada yake akamwambia basi anyoe masharubu. Vifuniko Lita alivikwangua mwenyewe kwa kisu, nusu siku, mpaka herufi zikafumbua macho. Mama Glasi akazungusha buluu yake. Lita akaomba brashi, akazungusha nyekundu kwenye cha dizeli, nene, kama anamchora adui.

Siku ya kukabidhi yule mama alifika akiwa ameshikilia mkoba wake kwa mikono miwili. Akaufungua, akatoa glasi iliyomeguka, imeoshwa, imefungwa kwenye leso. Mama Glasi akaikinga kwenye koki, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza hadi akapata upande wake wa kuweka mdomo. Akanywa yote. Akaipindua juu chini.

"Haya, mama. Boti ni yenu."

"Maneno baadaye," yule mama akasema, akiwa ameshakaa. "Bandika chai."

Chumba cha zana hakurudishiwa, wala hakukiomba. Mkokoteni anaufunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya gati la umma, na wenye boti wanaotaka glasi wanazivuta boti zao mpaka hapo. Si wengi kama zamani. Lita anasukuma mkokoteni na analalamika kila siku kwamba gurudumu moja linavuta kushoto, na kila siku anasema kesho atalitengeneza, na dada yake anamjibu kwamba hilo jina lina mwenyewe.

Njia ya kwenda gatini inapita mbele ya lango la yadi. Wamebandika kibao pale, kimeandikwa kwamba mafundi wa nje hawaruhusiwi kuingia. Mama Glasi hashindani nacho. Kila asubuhi anasimamisha mkokoteni mbele yake, anatoa soksi, anatoa glasi, anamimina maji kutoka kwenye dumu alilolijaza kwenye koki ya boti ya mwisho aliyoimaliza. Anayanywa yote akiwa ameelekea dirisha la ofisi. Anaigeuza juu chini, anangoja kidogo, halafu wanaendelea na safari.